Kichwa cha Mwajuma

Jumamosi, 7 Agosti 1976
Nimemsuka Mwajuma baada ya chakula, kama kila Jumamosi. Mtindo wa twende kilioni, mistari tisa. Wiki nzima mimi niko dukani na cherehani, yeye yuko shule, baba yake yuko njiani na lori la pamba. Jumamosi ndiyo siku yetu. Leo masimulizi yote yalikuwa ya Mwalimu Editha. Anavyoimba. Anavyoandika ubaoni. Nikavuta nywele kwa nguvu, mtoto akapiga kelele. Nilikusudia. Mungu anisamehe.

Jumatatu, 9 Agosti
Barua ya mwalimu mkuu. Wasichana wote wanyoe, kusuka marufuku, chawa wamezidi. Mwisho Ijumaa. Asiyenyoa haingii darasani. Na Mwajuma yuko la saba, mtihani uko mlangoni. Chini kabisa wameandika kwamba mzazi asiye na nafasi, Mwalimu Editha atamnyolea mwanawe. Hapo ndipo damu iliponichemka. Nafasi ninayo.

Jumatano, 11 Agosti
Nimefunga duka, nimekwenda shuleni. Nikamwambia mwalimu mkuu, "Sisi Wasukuma mtoto hunyolewa kwenye msiba. Nani amekufa?" Akasema, "Mama Mwajuma, sheria ni msumeno." Akanionyesha mlango kwa upole.
Editha alikuwa pembeni anasahihisha madaftari. Binti mdogo tu, hajazaa. Mikono laini. Akainuka, "Shikamoo, Mama Mwajuma." Nikatoka bila kuitikia. Nimeona aibu njia nzima, na bado simpendi.

Ijumaa, 13 Agosti
Sikumnyoa. Nilimfunga kitambaa nikamwambia nenda. Saa tatu haijafika, amerudishwa. Ameshinda ndani na kitabu cha hesabu, haniangalii. Wali na maharage hakugusa.
Jirani yangu Mama Sikujua, aliyewanyoa mabinti zake watatu jana, amepita kunisema. "Nywele huota, mwenzangu. La saba halirudi."
Najua. Kwani tatizo ni nywele? Ningemweleza nini, kwamba namwonea wivu binti wa watu, mimi mtu mzima? Kwamba mwanangu akilitaja lile jina uso wake unang'aa, na akiniita mimi ni kuuliza sabuni iko wapi?

Jumamosi, 14 Agosti
Hakuja kusukwa. Sikumwita.

Jumatatu, 16 Agosti
Mchana nimerudi kutoka dukani, Mwajuma hayupo. Mama Sikujua amemwona akielekea nyumba za walimu. Peke yake.
Basi. Amekwenda mwenyewe. Sasa hivi ninavyoandika, kichwa cha mwanangu kiko magotini kwa Editha. Nilimzaa mimi, siku mbili za uchungu pale hospitali ya Kolandoto, na huu unauma zaidi. Nimejifunga khanga niende nikamtoe. Nimefika mlangoni, nimerudi kukaa. Nikienda nitamtia aibu mbele ya mtu anayempenda. Nisipoenda nitapasuka.

Jumanne, 17 Agosti
Jana alirudi jua likiwa bado juu. Nywele zimekatwa kwa mkasi tu, vishungi huku na huku, kama majani yaliyopitiwa na mbuzi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote. Akaniwahi.
"Mwalimu alitaka kumalizia kwa wembe. Nikamkataza. Nikamwambia mama atamalizia."
Akaketi mkekani, akanipa kisogo.
Nilipasha maji. Nikatafuta wembe mpya. Utosini ana kovu dogo, sijui alilipata lini. Nilinyoa polepole, kazi isiishe upesi.
Leo yuko darasani.