Kofia ya Waya Pale Ngoliba

Gachau, uko? Usipige simu, niache nimalize kwanza.

Si unamjua Khisa, yule mtafiti wa kifafa, anayevalisha watu kofia ya waya kupima ubongo?

Jana kwa kinyozi niliwaambia watu hiyo kofia inafyonza akili ikauzwe ng'ambo. Ulikuwepo, ulicheka mpaka ukakohoa. Nilikuwa nawachezea tu!

Leo asubuhi Wanja, mgonjwa wake mmoja, ameshikwa na kifafa akiwa ameivaa. Akaanguka. Mama mmoja akapiga nduru: "Anamalizwa akili!"

Wee Gachau! Wakamrukia Khisa. Mawe, fimbo, jembe. Jembe! Nimesikia mkono wake ukivunjika kama kuni kavu.

Nikapiga kelele, "Mwacheni! Ni uongo, niliutunga mimi!"

Unajua walinijibu nini? "Guka, babu yetu, leo ndio unadanganya." Wakacheka, wakaendelea kupiga. Walicheka, Gachau!

Nikamlalia juu. Jiwe likanipasua sikio. Polisi walipofyatua risasi hewani ndio wakatoroka. Na Wanja ameketi hapo, mzima kabisa, anauliza kiatu chake kiko wapi.

Sasa tuko hospitali Thika. Khisa ameshonwa kichwa, hajafungua macho. Mkewe amenishika mkono, analia, ananiita baba. Ati nimemwokolea bwana.

Halafu akaniuliza, "Baba, ni nani alianzisha hayo maneno?"

Nikasema sijui.

Na ameniamini, Gachau. Huyo ameniamini.