Hotuba ya Kizungu

Jumanne, 3 Desemba 2024

Baba amekodi turubai! Na viti. Majirani wote wa mtaa wetu wa Mshangano wameshaambiwa: Jumamosi Beata anafanyiwa mahafali. Beata ndiye mimi — na sijahitimu. Somo moja limenishinda, takwimu, nalirudia Februari. Leo nimefungua mdomo nimwambie, akaniwahi: mwanangu, umenitoa kimasomaso. Naogopa kweli.

Alhamisi, 5 Desemba

Shangazi Kunegunda kaja na lake. Eti nitoe hotuba kwa Kizungu, watu waone mahindi Baba aliyouza kunilipia ada hayakwenda bure. Baba kafurahi! Kanituma kwa jirani yetu Mwalimu Tumsifu, wa Moshi, anayefundisha Kiingereza sekondari, aninyooshee maneno.

Nilikuwa nimeandika kwamba chuo kimenipa digrii. Mwalimu kacheka kidogo. Wenyewe hawasemi hivyo, Beata. Sema "I graduated from", taja chuo, halafu "with a degree in", taja ulichosomea. Rudia. Nikarudia. Kila nikifika kwenye "graduated" nakohoa. Kaniuliza kama naumwa. Nikasema mafua.

Ijumaa, 6 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Wazo limenijia, sijui ni baya au zuri. Kwetu nani anajua Kizungu? Mwalimu kesho yuko Mbinga. Nikisema ukweli kwa Kizungu, si nitakuwa nimeusema?

Jumamosi, 7 Desemba

Nimesema! Mbele ya watu wote. "I have not graduated. I failed one paper. Forgive me, Baba."

Vigelegele! Mama kacheza hadi kitenge kimemdondoka. Baba kasikia hilo "Baba" tu, machozi yakamtoka. Mimi nalia, yeye analia, watu wanapiga picha. Nimejichukia.

Halafu nikamwona Mwalimu Tumsifu karibu na masufuria ya pilau, sahani mkononi. Hakwenda Mbinga! Yeye peke yake hakupiga makofi.

Baba naye kamwona. Kampelekea kipaza sauti mwenyewe: Mwalimu, tutafsirie, hasa pale aliponitaja. Mwalimu kakishika, kaniangalia, kakirudisha. Kasema, Mzee Valeriani, hayo ni ya baba na mwanawe, Beata ataeleza vizuri kuliko mimi.

Makofi tena. Nikasema naingia ndani kwanza nifute uso.

Niko chumbani, joho la kukodi bado mwilini. Muziki wameuzima. Namsikia Baba anawatuliza watoto — nyamazeni, dada yenu anakuja kusema kwa Kiswahili.