Samaki Wasio na Vichwa

Kijiji cha Kamanbo,
Mto Sepik.
14 Agosti 2011

Mpendwa kaka Alois,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Lae, na kile kikohozi chako kimepoa. Sisi tunapumua. Maji yameshuka. Mama anakula kidogo, kwa kulishwa.

Ujumbe wako umenifikia: kwamba unarudi kulipiza damu ya mdogo wetu Otmar. Kabla hujapanda meli, soma kwanza.

Unakumbuka Otmar alivyokuwa akivuta ndevu za kambare na kumwita babu? Kambare hao wamekwisha. Mwaka jana mzima nilipata kumi na wawili. Wavu unajaa mdomo-mpira, wale samaki wageni waliomwagwa mtoni tulipokuwa shuleni. Wana miiba kama nywele, na wanawake wa msituni tunaobadilishana nao sokoni hawawataki. Kwao ni kambare mmoja wa moshi kwa donge moja la sago, unga wa shina la mti, kama zamani. Mara tatu nilirudi mikono mitupu, mama akalala njaa.

Basi nikawachuna mdomo-mpira ngozi, nikawakata vichwa, nikawakausha mpaka wakawa weusi, nikawachanganya na kambare watatu. Otmar alinikuta nikifukia vichwa nyuma ya jiko. Alicheka tu.

Sokoni, Wasara wa msituni, ambaye mama yake alibadilishana sago kwa samaki na mama yetu, aliwageuzageuza.

“Dada, hawa nyuso zao wameziacha wapi?”

“Panya wamekula.”

“Panya wenu wanajua kushika kisu,” akasema, na wenzake wakacheka. Lakini aliwachukua, kwa kuwa ni mimi.

Baba yake alikuwa kipofu. Maisha yake yote alikula kambare kwa vidole bila kuogopa mwiba. Safari hii mwiba ulimkwama kooni. Alikufa siku ya pili, akitema damu.

Soko lililofuata, wana wa Wasara walikuja na mapanga wakiuliza nani alikata vichwa. Nilinyamaza, kaka. Nilikuwa nimeshika donge la sago, nikalikazia macho.

Otmar akasimama. “Ni mimi, ndugu zangu. Dada hajui kitu.”

Panga la kwanza lilimpata begani, la pili shingoni. Aliangukia kikapu changu, na sago yote ikawa nyekundu. Vijana wetu wakawakimbiza, wakamkata mmoja mkono, wakachoma nyumba mbili. Sasa kila mtu ananoa panga akikusubiri wewe.

Hapa kijijini wanaamini Otmar ndiye aliyekosa. Mama pia. Jumapili ijayo, baada ya misa, nitasema mbele yao wote, kisha nitakwenda msituni kwa Wasara, peke yangu. Ukifika kabla ya hapo, usiende kwa watu wa msituni. Pita nyuma ya jiko, fukua.

Nisalimie wifi Kolumba na mwanangu Rafaela. Ule mkufu wa shanga aliouacha bado ninao.

Mungu akulinde safarini, na auzuie mkono wako.

Dada yako anayekupenda, niliyekata vichwa,
Benedikta