Skrubu Niliyoifungua Bila Kuhesabu

Mtani wangu Salumu,

Mwangaluka. Najua saa hizi ni jioni na kila mtu hapa Bariadi anasema mwadila, lakini wewe kwa miaka yote tisa uliyokaa Usukumani uliwaamkia watu kwa salamu ya asubuhi mpaka jua linazama, na leo sina moyo wa kukusahihisha.

Nakuandikia nikiwa gerejini kwako, nimekalia lile boksi la mbao ulilokuwa hutaki mtu mwingine alikalie. Leo imetimia wiki ya saba tangu tukuzike. Mashindano yanaanza keshokutwa, na pikipiki nimeiharibu. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine, maana sidhani kama kufa kumewazuia Wazaramo kusikiliza umbea.

Haijavunjika. Afadhali ingevunjika, ningejua pa kushika. Petroli tuliyopewa kwa kibali wiki iliyopita ilitoka chini kabisa ya pipa, ina maji na uchafu, na injini ikaanza kukohoa. Nikafungua kabureta niisafishe. Nilifanya vizuri, mtani. Nilitandika gunia safi, nikapanga kila kitu kwa mstari kama ulivyonifundisha, nikapuliza matundu yote. Na ile skrubu ndogo ya ubavuni, ile uliyokuwa ukiizungusha kwa ncha ya bisibisi huku umefumba macho, nayo nikaifungua nikaitoa. Nilipokuwa nimeishika mkononi ndipo nikakumbuka. Sikuhesabu.

Ulinieleza mara ngapi? Kwanza kaza mpaka mwisho huku unahesabu mizunguko, weka hesabu kichwani, halafu ndiyo ufungue. Ulisema, "Masanja, mkono usifungue kitu ambacho kichwa hakijakihesabu." Mimi bwana shamba ninayehesabu mistari ya pamba kuanzia asubuhi mpaka mchana, nikashindwa kuhesabu mizunguko ya skrubu moja. Wewe mwenyewe hukuandika popote. Nimepekua kuta, nimepekua kalenda, nimepekua hata karatasi ya sigara iliyobaki kwenye koti lako la kazi. Hakuna. Ulikuwa nayo sikioni, na sikio lako tumelizika.

Unajua pikipiki hii ni nini kwangu. Zilikuwa pikipiki mbili, na ofisi ilishaziandika zote kuwa mali mbovu. Moja ilikuwa imelala nyuma ya ghala la pamba, kuku wanatagia kwenye kiti. Nyingine tuliitoa Ipililo juu ya mkokoteni wa ng'ombe, siku mbili njiani, na wewe ukatembea nyuma yake kwa miguu ukilalamika kwamba Msukuma hata chuma anakichunga. Mwaka mzima ukaziunganisha ikapatikana moja. Gasketi ulikata kwa boksi la sabuni. Spea hakuna, duka la ushirika lina majembe na chumvi, na wewe ukawa unasema tu, "Itapatikana," halafu kweli inapatikana, sijui wapi. Walipotutangazia mashindano ya wilaya ya watumishi wenye pikipiki, siku tatu, kila mpanda pikipiki na fundi wake, ulicheka mpaka ukakaa chini. Ulisema tutawapandia mawe kwa maiti waliyoizika wenyewe.

Mawe ndiyo siku ya kwanza, na mawe ndiyo yanayoniua sasa. Siku ya pili ni barabara ya Lamadi kwenda na kurudi, siku ya tatu mchanga wa mtoni, hizo naziweza hata na injini yenye kichaa. Lakini juu ya jiwe unakwenda polepole kuliko mtu anayetembea. Ukigusa chini kwa mguu umepoteza alama moja. Injini ikizima umepoteza tano. Kwa hiyo kila kitu kinategemea sailensa, ule mlio wa chini wa injini inapojiendesha yenyewe bila kuguswa, na skrubu ile ndiyo inayoupanga. Sailensa yako ilikuwa ya chini mno, wenye pikipiki wengine walikuwa wanakuja kuiangalia. Tuk, kimya, tuk, kimya, mpaka mgeni anadhani imekufa, halafu tuk nyingine. Ungeweza kuiacha inanguruma hivyo, ukaenda kuswali, ukarudi ukaikuta.

Sasa hivi nikiishusha inazima. Nikiipandisha inarukaruka na kunitupa. Jana nilikwenda kwenye mawe yetu yale ya nyuma ya ghala nikajaribu mara kumi na moja. Imezima mara tisa. Mara mbili zilizobaki nilianguka.

Na kuanguka kwenyewe kumebadilika. Zamani nilikuwa na macho mawili ya ziada. Ulikuwa unatembea pembeni yangu, kanzu umeikunja kiunoni, unanionyesha kwa kidole mahali pa kupitisha tairi, na nikitazama chini unanipigia kelele, "Jicho likitua, mguu unafuata!" Kisha ukawaambia wachungaji waliosimama kutuangalia kwamba Msukuma hajui breki, amezoea kuvuta mkia wa ng'ombe. Wachungaji wakacheka kuliko mimi. Jana walikuwepo tena wale wale. Nilipoanguka hakuna aliyecheka. Walikuja wakaniinua, wakanipa pole, wakaondoka na ng'ombe wao. Nilitamani mtu anitukane.

Unaikumbuka ile Jumapili? Magari na pikipiki haviruhusiwi kutembea Jumapili mchana kwa sababu ya shida ya petroli, na wewe ukasema basi tutaisukuma. Tukaisukuma mpaka kwenye mawe injini imezimwa, mimi nikawa nateremka juu ya jiwe kimyakimya kujifunza kutulia, tunaisukuma juu tena, nateremka tena. Mgambo akaja akauliza kwa nini tunaendesha pikipiki. Ukamjibu kwa adabu zote, "Afande, hii ni baiskeli nzito." Akaizunguka mara mbili, akatazama tangi, akatazama eksozi, akasema basi tuwe waangalifu na hiyo baiskeli. Nimecheka hapa peke yangu nikiandika. Kisha nikagundua nimegeuka kukutazama.

Nikwambie habari za kwako. Bi Mwanaidi yupo ndani, anakaa eda. Simwoni. Nikija asubuhi nabisha hodi, nasalimia dirishani kupitia ile kanga aliyoitundika, ananijibu, "Karibu shemeji," nami naingia gerejini huku. Unga upo. Maji watoto wa jirani wanachota. Nilimletea michembe, vile viazi vyetu vikavu, nikamwambia ni chakula cha watu wenye akili, akasema ungekuwepo ungekataa halafu ungekula yote.

Juzi nilipomaliza kurudisha kabureta, nikapiga kiki. Ikawaka. Sikuwa nimefikiria kwamba anasikia. Kwa miaka yote hii umeiwasha injini moja au nyingine nyuma ya ukuta ule, na hii ya mwisho kila asubuhi kabla ya chai. Nikamsikia dirishani, sauti ndogo, "Shemeji, hiyo ni ipi?" Nikamwambia ni ile ile. Akasema, "Hapana. Hiyo siyo sauti yake."

Nikazima injini, Salumu. Nikakaa chini kwenye vumbi, mtu mzima na ndevu zangu. Hapo ndipo nilipoelewa nimefungua nini. Kila kitu chako tulishakigawa au kukifunga. Nguo zimekwenda, spana nimezifunga kwenye gunia. Sauti ile tu ndiyo iliyokuwa bado inafanya kazi, mkono wako bado uko pale ubavuni mwa kabureta, na mimi nimeutoa kwa bisibisi.

Leo asubuhi nimejaribu tena, na yeye ndiye aliyeanza. "Washa, shemeji. Nitakwambia." Nikawasha. Nikawa nazungusha skrubu kidogo kidogo, yeye anasikiliza. "Imepanda. Shusha. Hapo hapo, hapana, umepita. Yake ilikuwa inasubiri kabla ya kulia." Unaona? Anajua kuliko mimi. Tumefanya hivyo mpaka jua limekuwa kali, petroli ya mazoezi imekaribia kwisha, na vidole vyangu vimeungua. Mwisho tukafika mahali injini imetulia, iko chini, haizimi. Nikasubiri aseme kitu. Akasema, "Umekaribia, shemeji. Lakini siye yeye." Nikamsikia analia. Nikazima.

Sina zaidi ya hapo. Nimefika mwisho wa akili yangu na mwisho wa petroli ya mazoezi. Safari hii nikakaza mpaka mwisho huku nahesabu. Mzunguko mmoja na robo tatu. Nimeandika ukutani kwa chaki, herufi kubwa, mjinga mwingine asije akapotea kama mimi. Ni hesabu yangu na ya mkeo. Yako sitaipata tena, hata nikizungusha mpaka uzee.

Afisa utamaduni alileta fomu, kwa sababu jina lako bado limo kwenye nafasi ya fundi. Akaniambia niandike mtu mwingine. Nilishika kalamu nikashindwa. Mwishowe nikaandika Masanja juu na Masanja chini. Akaniuliza nani atanionyesha njia kwenye mawe. Nikamwambia sijui.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linalonikera kuliko skrubu. Siku ya mazishi yako mimi ndiye nilikuwa mtani. Mzaramo akifa Usukumani, Msukuma ndiye wa kusimama kaburini aseme ujinga, watu wacheke, huzuni ipate pa kutokea. Ulikuwa unawaambia watu, "Nikifa msiwe na wasiwasi, Masanja atawachekesha." Homa ilikuchukua kwa siku nne, lakini hata hivyo nilikuwa nimejiandaa. Sentensi moja tu. Niliirudia njia nzima nikiwa nimeshika jeneza. Watu wakasimama, wakanitazama, wakanipisha nisogee mbele. Nikafungua kinywa, nikalia. Nililia mpaka mjumbe wa nyumba kumi akanishika bega akanitoa pembeni. Mtani halii, Salumu. Kila mtu anajua. Wakakufukia kimya, na wewe ulikwenda bila mtu wa kukutania, kana kwamba hukuwa na kwenu hapa.

Nimeibeba sentensi ile wiki saba. Jana juu ya jiwe nilikuwa nayo, nadhani ndiyo inayonitazamisha chini.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Keshokutwa nitapanda mawe kwa sauti hii hii ya kuazima. Ikizima, izime. Nikigusa chini, nimegusa. Siku ya tatu ikiisha, nitaisukuma pikipiki mpaka makaburini, nishinde nisishinde, niiwashe kando yako uisikie mwenyewe na uitukane upendavyo. Kisha nitasema kwa sauti kile nilichoshindwa kukisema mbele ya watu, na kwa kuwa sijiamini kama sitalia tena, nakiandika hapa kwanza, kibaki salama.

Mzaramo mvivu wewe, hata kufa umekufa kazi ilipotaka kuanza.

Lala, mtani. Mwadila.

Mimi, mchunga vyuma wako,
Masanja