Kisu cha Marehemu Baba na Ngolo za Mke Wangu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naandika barua hii jembe likiwa limeegemea mlango wangu na mke wangu Kunigunda amekaa kwenye kigoda katikati, kati yangu na jembe, anachambua mboga asizozitazama, kwa hiyo naomba msaada wako upesi, maana mmoja wetu atachoka kukaa na nadhani si yeye.

Jina langu ni Izidori, mkulima wa kahawa na maharage huku milimani upande wa Kingerikiti, na shida yangu ni kisu. Usicheke, mzee wangu. Ni kisu cha kukunja, cha mfukoni, mpini wake wa pembe nyeusi uliopasuka ukafungwa waya wa shaba, bapa limenolewa miaka mingi hata limebaki jembamba kama jani la tete, na ukikifungua kinalia tak, mlio ambao sisi watoto tukiusikia jioni tulijua baba amekaa na hana hasira na mtu. Kilikuwa cha marehemu baba. Siku ya kumaliza matanga wazee waligawa vitu vyake, kaka akapewa shoka na koti, baba mdogo akapewa mbuzi, mimi nikapewa kisu, na mama akapewa pole.

Sasa uelewe kwa nini mtu mzima mwenye watoto analilia kisu. Baba hakupigwa picha hata moja, alikuwa akisema picha ni za watu wenye shughuli na Bwana Shauri. Nikifumba macho kumtafuta, uso siuoni, naona mikono miwili tu, kisu, na kiazi kinachozunguka, na ganda linashuka moja refu bila kukatika mpaka linagusa ardhi. Tangu kisu kipotee hata mikono ile inafifia, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko kisu chenyewe.

Kilipotea siku ya ngokela shambani kwetu. Kwa wasomaji wasiojua mambo ya Umatengo niseme kwamba ngokela ni kulimiana kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, na mwenye shamba anatoa pombe. Sisi wanaume tunafyeka majani kwa nyengo, yaani mundu wetu wa kufyekea, yakikauka tunayalaza kwa mistari inayokatizana mpaka shamba lote liwe miraba miraba, kisha wanawake wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika majani yale pamoja na mbegu za maharage, hata yanabaki mashimo na matuta, mvua ikija inanasa shimoni badala ya kuondoka na shamba kulipeleka kwa jirani. Hizo ndizo ngolo. Basi wanaume tulimaliza kulaza majani mapema, nikaonja pombe ili nihakikishe haitawadhuru wageni, nikahakikisha tena, na tena, nikalala kando ya shamba. Nilipoamka wanawake walikuwa wanakaribia mwisho, jua limenigeukia, nimefunikwa kaniki ya mama, maana mama yangu Celestina hachimbi tena ila huja kukaa kivulini na wajukuu, na kisu sina. Kamba ya katani niliyokuwa nimekifungia kwenye mkanda ilikuwa inaning'inia imekatika safi, wala hakuna uzi uliochomoza, nikajua moja kwa moja kwamba nyengo yangu iliipitia wakati nasawazishia mistari, kisu kikaanguka kwenye majani, na wanawake wamekifunika.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilisimama mbele yao nikauliza nani ameona kisu changu, na kwa pombe ile nadhani sikuuliza kwa sauti ya kuuliza. Vitalia, ambaye ulimi wake unachimba kuliko jembe lake, akaegemea mpini akasema, "Kaka Izidori, tupekue basi. Anza na mimi. Ila kamwite kwanza mume wangu aje anishikie jembe." Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini, lakini ngokela iliyofuata Kunigunda hakuitwa, wala ile iliyokuja baada yake.

Mimi nikaamua kufukua. Nikamwambia mke wangu sitavunja shamba zima, ni ile mistari ya juu tu niliyoilaza mwenyewe.

"Baba Mansuetus," akasema, "kisu ni cha baba yako, ngolo ni zangu."

"Kitaliwa na kutu."

"Na wewe utaliwa na njaa. Maharage yameshatoa majani. Ukivunja tuta moja maji yatashukia la pili, la pili litalivunja la tatu, na wakati wa mavuno utajipikia hicho kisu. Mimi nitakuchagulia sufuria."

Anataka nisubiri mpaka ngolo zigeuzwe. Kugeuza ngolo, mshauri, ni mpaka maharage yavunwe, halafu mahindi ya msimu mwingine nayo yavunwe, kisu kitakuwa kimebaki waya wa shaba peke yake.

Na katika kungoja huko nimeingiwa na udadisi ambao sikuwa nao kilipokuwa mfukoni. Nimejiuliza kisu hicho kilitoka wapi. Nilimwuliza baba mdogo Nazari, akasema marehemu alipewa na bruda mmoja fundi seremala kule ziwani, alipokuwa akibeba mbao. Nilimwuliza jirani yetu Bernadi, akaapa kwamba marehemu alimwambia kwa kinywa chake kuwa alikiokota ufukweni wakati wa vita vya Mjerumani, ndani ya sanduku lililotupwa na maji. Mimi mwenyewe nilikuwa najua alibadilishana na Mnyasa mwenye mtumbwi kwa kikapu cha maharage, kwa sababu ndivyo alivyonijibu nikiwa mdogo, na nilipokua nikamwuliza tena alicheka akasema, "Nitakuambia ukweli siku utakayokuwa na akili." Amekufa hajaniambia, kwa hiyo naona hakuiona hiyo akili.

Mama peke yake ndiye hana habari na jambo hili. Watu wote wananiuliza kila siku kama nimekipata, hata wasionipenda, lakini yeye haulizi. Nilipomlalamikia alisema, "Hakijaenda mbali, mwanangu. Kimezoea hapa," halafu akaniuliza kama usipa umefika sokoni, maana mama ni mtu wa Lituhi, kule ziwani, na miaka yote hii akila maharage siku mbili mfululizo lazima aulize samaki wamehamia wapi. Nadhani ni uzee. Zamani alikuwa akiniomba kisu hicho mara kwa mara akatie tumbaku yake, nikamwambia, macho yako hayo, mama, utajikata, nikawa namkatia mwenyewe. Siku hizi hata kuniomba nimkatie amesahau. Na juzi nimepita nyuma ya nyumba yake nikaona jalalani ganda la kiazi, moja, refu, halikukatika, kama alivyokuwa akimenya baba, nikasimama pale machozi yakanitoka mbele ya kuku. Uone huzuni inavyoweza kumchezea mtu macho.

Sasa niambie, nifukue au nisifukue? Na kama unajua namna ya kupata habari za kisu wakati mwenyewe amekwisha kufa, nifundishe na hiyo, maana inaninyima usingizi kuliko kutu.

Ni mimi, Izidori, Kingerikiti.

Jibu la Mzee Wendelin

Izidori, marahaba. Barua yako imepanda malori mawili na kupumzika dukani kwa watu kabla ya kunifikia hapa Kitai, kwa hiyo naomba tu kwamba mama Mansuetus bado amekaa kwenye kile kigoda. Kama ameinuka, maharage yamekwisha na sina la kukushauri.

Usifukue. Hilo halihitaji wino mwingi. Mkeo amekueleza habari ya maji na matuta vizuri kuliko bwana shamba, na bure. Pole kwa kupotelewa, nakupa pole ya kweli, kwa sababu najua mtu anavyoweza kukaa na kitu kidogo cha marehemu mfukoni na kusikia kwamba hajaachwa peke yake. Lakini pole yenyewe inaishia hapa, kwa kuwa nimeisoma barua yako mara ya pili na nimeona ajabu. Macho yako ni mazuri, Izidori. Umeona kila kitu, ukakiandika kwa mwandiko safi, ukanitumia mimi nisiyekuwapo, na wewe uliyekuwapo hukukitazama.

Hebu tuanze na hiyo nyengo yako. Nyengo inayokata kamba kiunoni mwa mtu bila kugusa kaptula wala ngozi, nitafutie mhunzi aliyeitengeneza. Kamba ya katani ikikatika kwa kunaswa inaacha nyuzi. Ikiwa safi imekatwa na bapa jembamba, polepole, na mwenye kiuno ametulia. Siku ile ulitulia saa ngapi? Na nani aliinama juu yako, ameshika kaniki, wewe ukiendelea kuhakikisha pombe usingizini? Mimi nadhani kamba hiyo ilikatwa na kisu chenyewe.

Usiinuke. Kaa nimalize.

Bibi anayetumia tumbaku miaka yote haamki siku moja akaisahau. Anakatiwa na nani sasa? Watu wote wanauliza kisu kimeonekana au la, yeye haulizi, na ulipolia kwake alikujibu ukweli mtupu kwamba hakijaenda mbali, ukaukataa ukasema ni uzee. Hata ganda limetupwa mbele yako jalalani, ukawalilia kuku. Ganda hilo linasema macho ya mama yako ni mazima kuliko yako. Unaniambia ni kama alivyokuwa akimenya baba. Mimi sikuwamo katika nyumba hiyo, sijui nani alimfundisha nani.

Na nisikusikie unaliita jambo hili wizi. Kaka koti, baba mdogo mbuzi, wewe kisu, mama pole, ni maneno yako mwenyewe na uliyaandika kwa mzaha. Wazee waligawa kama inavyogawiwa, siwalaumu. Lakini mwanamke amelala na kuamka na mtu miaka yote hiyo, mtu ameondoka, na kitu kimoja kilichokuwa kikilia tak jioni kimehamia kiunoni mwa mwanawe, akikiomba anaambiwa atajikata. Wewe ulilia baada ya kukikosa. Yeye alikuwa amekikosa siku nyingi kabla yako, hakumpekua mtu.

Juu ya hilo swali lako la pili, nakusifu kwa udadisi, ingawa umechelewa. Marehemu baba yako alikuwa mwongo hodari, Mungu amrehemu. Alimgawia kila mtu hadithi yake. Ila ziweke pamoja hadithi zote tatu, ya bruda, ya sanduku, ya Mnyasa na mtumbwi wake, uone kwamba katika kila uongo kisu kinapanda mlima kutoka ziwani. Nani mwingine katika nyumba yenu alipanda mlima huo kutoka ziwani, na hadi leo anauliza usipa? Sisemi neno. Mimi shule yangu ni baraza hili la Kitai na watu wanaoshuka kwenye malori, na nimeona kijana akipewa kitu na msichana kabla posa haijapelekwa anavyokificha, ndugu yake anamwambia hivi, jirani anamwambia vile, na mtoto wake anamwambia subiri uwe na akili. Huenda nimekosea. Basi kisu kitakuwa chini ya ngolo, zitageuzwa siku yake, utakisugua kwa majivu na kunitukana.

Lakini kabla ya kunitukana fanya haya. Mpe Kunigunda jembe lake kwa mikono yako miwili, leo, usingoje kesho. Mwombe apike pombe, kuni na maji utabeba wewe, na mchana kweupe ili Vitalia aone. Ikiiva waite wanawake wote wa siku ile, useme umewakosea, na useme kabla hujaonja. Vitalia atakuwa na la kusema. Mwache aseme lote. Mwisho wa yote hayo mkeo arudishwe kwenye ngokela, kwa sababu shamba la mwanamke anayelima peke yake ni hasara kubwa kuliko kisu cha mtu yeyote.

Kisha nunua usipa, chukua na viazi vibichi, uende kwa mama yako jioni. Kisu usikitaje. Kamba usiitaje. Usitupe jicho chini ya kitanda wala kwenye dari, na kaniki yake kama bado iko kwako irudishe imefuliwa. Kaa chini, umwambie kama ulivyoniambia mimi, kwamba umefumba macho ukautafuta uso wa baba na huuoni. Mwulize ulikuwaje. Yeye ndiye aliyeutazama tangu haujaota ndevu, na sidhani kama kuna mtu amewahi kumwuliza.

Halafu unyamaze, jambo ambalo naona kwako litakuwa gumu. Mpishe apate kufikia viazi. Ukisikia tak, usiruke, usinyooshe mkono. Mwache amalize kiazi chake.