Wapangaji wa Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 4 Machi

Nimepewa kazi mpya. Si mpya — ni ileile, imevalishwa koti jingine. Kamati ya Matumizi inataka kukagua fedha za nyumba za umma, utamaduni na utafiti. Vyote vitatu viko chini ya wizara moja tangu bajeti ilipobanwa. Nimeuliza kwa nini viliwekwa pamoja. Nimeambiwa hakuna wizara nyingine iliyovitaka.

Alhamisi kamati itatembelea yale maghorofa mapya. Kazi yangu: kutembea nyuma ya Mwenyekiti na kuandika. Ripoti ya ziara ofisini kwetu ina sheria moja, kila sentensi ianze na "Kamati imeona". Si "imeambiwa", si "inashuku". Imeona. Mkaguzi mmoja kabla yangu aliandika "Kamati imenusa". Sasa yuko bohari, anahesabu matairi.

Nyumbani, Shangazi bado yuko sebuleni kwangu. Alikuja kwa wiki moja, chumba alichopanga kilipouzwa. Siku hizi kochi limeshachukua umbo lake. Ni mwigizaji wa kikundi cha maigizo cha taifa, ambacho kina bajeti kila mwaka na mishahara mara mojamoja. Leo alikuwa bafuni akilia. Nimegonga mlango kwa hofu kumuuliza kuna nini. Amesema nimemharibia mazoezi, sasa itabidi aanze upya.

Amepata sehemu mpya. Sehemu gani? Siri ya kazi!

Jumanne, 5 Machi

Faili la utafiti. Lina uchunguzi wa kitaalamu unaosema wapangaji wa nyumba mpya wameridhika, karibu wote. Nimempigia simu Daktari aliyeuandika. Nimemuuliza aliwahoji lini, maana uchunguzi ulikamilika kabla ya paa. Amesema walitumia makadirio. Makadirio ya nini? Ya furaha. Hakucheka. Nami sikucheka. Tumeagana kwa heshima.

Jioni Shangazi kaondoka na pazia langu la bluu, sufuria yangu nzuri na saa ya ukutani. Ni vya jukwaani, amesema. Jukwaa lipi? Akanipapasa kichwa. "Baba, ukiendelea kunihoji hivi utaninyima usingizi." Anayenyimwa usingizi ni nani? Alipotoka nimehesabu vijiko. Vipo vyote.

Alhamisi, 7 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie mlangoni.

Mkurugenzi wa nyumba alitupokea huku anatabasamu na kutoka jasho kwa wakati mmoja. Alisema tutaona ghorofa ya nne tu. Za chini rangi haijakauka. Za juu wapangaji wako kazini. Mwenyekiti akauliza, hawa wa nne mbona hawako kazini? Mkurugenzi akasema wako likizo. Wote? Wote. Mwenyekiti akaridhika. Ni mzee mwema, mwalimu mstaafu, anaamini chochote kinachosemwa na mtu aliyevaa tai.

Mlango wa kwanza: bwana mmoja anasoma gazeti. Nikajiambia, sura hii nimeiona mahali. Alilisoma kwa nguvu sana. Hata aliyesimama mbali angejua kwamba pale kuna mtu anasoma gazeti. "Kamati imeona bwana akisoma gazeti." Nikaandika.

Mlango wa pili: pazia la bluu. Nikajituliza. Mapazia ya bluu ni mengi. Kisha sufuria. Kisha saa yangu, ile inayochelewa, na hapo pia ilikuwa inachelewa. Halafu Shangazi — kavaa aproni, anakaanga mayai, watoto wawili ambao si wa ukoo wetu wameng'ang'ania sketi yake!

Hakunitupia jicho hata mara moja. Hodari.

Mwenyekiti akamuuliza kama ameipenda nyumba. Shangazi akazima jiko kwanza, polepole, kila mtu akamsubiri. Akasema kabla ya hapa alikuwa akilala kwenye kochi la mtoto wa kaka yake. Kijana mzuri, mheshimiwa, ila anahesabu vijiko. Kamati nzima ikaangua kicheko. Kalamu ikanianguka. Halafu likaja chozi, jicho la kushoto peke yake. Nalijua chozi hilo. Ndilo lililonirudisha shule kila nilipogoma. Mwenyekiti akatoa leso, akajifuta, kisha akapiga makofi.

Hapo ndipo walipoharibu. Shangazi kusikia makofi tu — akainama! Mkono kifuani, kichwa chini. Bwana wa gazeti akachomoka mbio hadi kwenye korido, na wa mlango wa tatu, na wa mlango wa nne, na wale watoto. Wakashikana mikono wakapanga mstari, wakainama tena kwa pamoja. Mtoto mmoja akatoa busu hewani. Mkurugenzi akawa na rangi ya majivu. Mimi nikatazama viatu vyangu. Mwenyekiti akatugeukia, sauti inamtetemeka. Hajapata kuona wapangaji wenye adabu namna hii. Akaniambia niliandike hilo.

Nimeliandika.

Shangazi hajarudi. Sebule yote ni yangu. Nimekaa kwenye kochi, nikanyoosha miguu. Sikufurahi kama nilivyodhani.

Ijumaa, 8 Machi

Baada ya kazi nimemfuata. Yuko kulekule. Wako kulekule wote! Walitakiwa kurudisha funguo jana jioni na kwenda kusubiri malipo yao, kama wanavyosubiri siku zote. Wamegoma. Bwana wa gazeti amemwambia Mkurugenzi: kamati imetuona hapa, sisi ni wapangaji. Unataka kututoa, nenda kaieleze kamati iliona nini. Mkurugenzi akaondoka na dereva wake mikono mitupu. Nimesimuliwa hayo na watu watatu, kila mmoja akiigiza Mkurugenzi. Shangazi ndiye aliyemwiga vizuri zaidi.

Nimemwambia Shangazi nyumba hizi zina watu wanaozisubiri. Kuna foleni. Akasema naye yumo kwenye foleni hiyo, aliingia kabla mimi sijaoa.

Bado sijaoa, Shangazi.

Basi unaona ilivyo ndefu.

Jumapili, 10 Machi

Siku nzima naandika ripoti. Kamati imeona mama akikaanga mayai. Kweli. Kamati imeona mapazia madirishani. Kweli kabisa, moja nililinunua mwenyewe. Hakuna neno la uongo humu, na ripoti yote ni uongo mtupu. Kuna sheria nyingine: mkaguzi akimkuta ndugu yake katika jambo analolikagua, atamke, akae kando. Nikitamka nitaulizwa ndugu yangu alifikaje pale. Basi Shangazi nje, wenzake nje, na kikundi kitafungwa kwa kosa la kuigiza vizuri.

Mchana nimempelekea maji. Siku ya ziara mabomba yalifoka kwa sababu gari la zimamoto lilikuwa uani likisukuma. Tangu hapo yamekauka. Nimepanda na ndoo mbili, nimefika juu natweta. Nikamsihi arudi nyumbani. Akasema kwangu ni kwangu mimi, si kwake, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Hakusema kwa ubaya. Wazazi wangu walipofariki alinichukua, nikakulia nyuma ya majukwaa, hesabu za shule nikizifanyia kwenye meza za poda na wanja. Alinilisha kwenye majiko ya watu, vyumba vya watu, mji huu na ule. Leo amenichemshia chai kwenye jiko analoliita lake, anaimba, hajui kwamba anaimba. Nampenda Shangazi yangu. Ningependa abaki pale. Naliandika hili waziwazi ili nijue niliposimama.

Jumatatu, 11 Machi

Mama wa chai, pale ofisini, kaniletea kikombe halafu hakuondoka. Si kawaida yake. Akauliza kama ni kweli nilikwenda kwenye zile nyumba. Nikasema ndiyo. Zimejaa? Maana yeye aliahidiwa ghorofa ya nne tangu mwaka juzi, na kila akienda kuuliza anaambiwa rangi haijakauka. Anaishi chumba kimoja na wanawe watatu na mama yake mgonjwa, juu ya mashine ya kusaga nafaka. Mashine ikiwashwa vyombo vinatembea rafuni, mgonjwa anatetemeka nayo kitandani.

Nikamwambia nitafuatilia. Akanishukuru! Akanishukuru sana, akaniongezea sukari bila kuombwa. Nimeona haya mpaka masikio yamewaka.

Jumatano, 13 Machi

Mkurugenzi kapata akili. Ameieleza kamati kwamba ghorofa ya nne imevamiwa. Wahuni wameingia, wapangaji halali wametimuliwa, anaomba polisi.

Mwenyekiti amefura kwa hasira. Wale watu wenye adabu! Nani kathubutu? Kesho tunakwenda wote. Mimi nitakuwa mbele safari hii, maana ndimi niliyeandika nani alikuwa mlango upi. Nitaulizwa swali moja tu: waliomo ndani ni walewale?

Nikisema sio, polisi watapanda ngazi. Nikisema ni walewale, nitakuwa nimesema kweli, Mkurugenzi ataumbuka, na Shangazi atakaa pale raha mustarehe maisha yake yote. Na mama wa chai ataendelea kusubiri rangi ikauke. Nimekuwa mkaguzi miaka hii yote, sijawahi kuogopa jibu la kweli. Hili naliogopa.

Nimemwomba mama wa chai aje kesho na chupa ya chai. Ziara huwa ina chai. Hakuna atakayeshangaa.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika nimekaa kwenye ngazi za ghorofa ya nne. Mwandiko mbaya. Ngazi hazina taa.

Nilitangulia kufika. Shangazi alikuwa ameshachana nywele na kupanga viti. Akaniuliza leo aseme nini, maana hakuna aliyempa maneno. Nikamwambia asiseme kitu, leo nitasema mimi. Akanikumbatia. Alidhani amenielewa — nami nikamwacha adhani. Hilo litanisumbua.

Kamati ikaja, Mkurugenzi nyuma yao, mama wa chai mwisho kabisa na chupa yake. Mwenyekiti akapita mlango kwa mlango. Akasimama mbele ya Shangazi. Akanigeukia: mkaguzi, ni walewale?

Ni walewale, mheshimiwa.

Mkurugenzi akafumba macho. Shangazi akashusha pumzi. Ningeweza kuishia pale! Nilitaka kuishia pale. Nikasema: na huyu ni shangazi yangu, dada wa baba yangu, ndiye aliyenilea. Wote hawa ni waigizaji wa serikali. Waliletwa siku ile watuigizie wapangaji, na mimi nilimtambua, nikanyamaza. Waliopangiwa nyumba hizi hawajawahi kuzikanyaga. Isipokuwa mmoja, ameingia leo kwa mara ya kwanza. Ndiye aliyeshika chupa ya chai.

Mwenyekiti akaomba kiti. Alizeeka palepale, namhurumia. Halafu akatutoa nje sote — waigizaji, mama wa chai, na mimi kwa sababu ya undugu. Amebaki na wajumbe na Mkurugenzi, mlango umefungwa, wanaamua kwenye sebule ya Shangazi. Meza imepigwa mara kadhaa. Sauti ya Mkurugenzi ilikuwa juu mwanzoni. Sasa haisikiki.

Nimemwambia Shangazi anisamehe. Amenirekebishia kola ya shati kwanza. Halafu: "Umesikika vizuri, baba. Mpaka viti vya nyuma." Akanipa mgongo.

Mama wa chai amemimina chai, kwa kuwa ndiyo kazi yake na hajui afanye nini kingine. Kikombe cha kwanza kampa Shangazi. Shangazi kakipokea, kajisogeza kwenye ngazi, kampisha. Wamekaa. Shangazi amemuuliza watoto wangapi. Watatu, na mama. Shangazi ameguna. Amemwambia maji hayapandi huku juu, asije akasema hakuambiwa. Mama wa chai amesema atabeba. Shangazi amesema hata yeye anabeba. Wote wawili wanapuliza chai.

Mlango umefunguliwa nusu. Mwenyekiti katoa kichwa, miwani mkononi, yeye hatuoni vizuri kwenye giza hili. Anasema mpangaji aingie, amsikilize. Mmoja tu.

Shangazi amesimama. Mama wa chai naye amesimama.