Gugumaji Kwenye Maji ya Mafunjo

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Mama Mikeka, kama anavyofahamika kwa wote
Umri: miaka 53
Kazi: kusuka mikeka na vikapu vya mafunjo
Makazi: nyumba ya tatu kutoka bwawani

Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimejibu kwamba onyo hilo apewe muuza maua.

Mnamo tarehe 4 mwezi huu, Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, nilikwenda bwawani kukata mafunjo. Karibu na mwamba niliona maua ya zambarau yanaelea. Nilitambua kuwa ni gugumaji. Muuza maua wa barabara ya juu huliuza kwenye beseni na kuliita ua la malkia. Malkia gani anayeua raia wake? Likiachwa hufunika maji yote, samaki hukosa hewa na machipukizi ya mafunjo husongwa. Wanawake kumi na mmoja tunaishi kwa mafunjo hayo.

Wiki iliyotangulia, mkaguzi wa mimea alikuwa amemwamuru muuza maua achome magugu yote aliyokuwa nayo.

Saa tatu asubuhi nilifika dukani kwake. Nilimuuliza ameyapeleka wapi.

"Nimeyachoma, mama. Siku hizi hata ua linakutisha?"

Nilimwambia linalonitisha ni muuzaji. Nikaomba kuona majivu. Akasema yamepeperushwa na upepo. Tangu Jumapili hapakuwa na upepo wa kutikisa hata nguo kwenye kamba.

Wifi yangu, ambaye hujaza udongo kwenye vifuko vya miche hapo dukani, alikuwa nyuma yake. Hakunisalimu.

"Wifi, leo umeamkia upande gani?"

Akasema anaumwa kichwa. Kichwa hicho sikukiamini.

Tarehe 6, Alhamisi, saa nne asubuhi, nilizunguka nyuma ya mwamba, mahali tunapoloweka mafunjo ili yalainike. Hapafiki mtu asiyesuka. Nilikuta matita sita yamezamishwa kwa mawe. Nilivuta moja. Lilikuwa la gugumaji. Matita mawili yalikwishafumuka, na machipukizi yake yalikuwa yametambaa hadi kwenye mafunjo.

Afande ameniuliza nilijuaje mhusika. Nilijua kwa fundo. Kamba ilizungushwa mara tatu, ncha ikapitishwa chini na kurudi. Marehemu mama mkwe alifundisha watu wawili tu kufunga hivyo: mimi, na binti yake.

Saa sita mchana nilikuwa kwa wifi. Niliweka kamba mezani.

"Bosi alisema ni siku tatu tu, wifi, mkaguzi apite. Bosi akiyachoma anafunga duka, nasi tunarudi nyumbani."

"Kwa hiyo ukaona ufunge bwawa."

"Nilidhani yatatulia chini, kama mafunjo."

Mafunjo yaliyokatwa hutulia. Gugu hili liko hai. Hupanda juu na kuzaa. Yeye amekulia kwenye maji yale, hilo si la kufundishwa.

Alinisihi nisimwambie kaka yake. Kaka yake ni mume wangu, na bado sijamwambia. Nimekuja hapa kwanza, kwa sababu nyumbani tungelizungumza mpaka bwawa lijae.

Naomba iandikwe kama ninavyosema: aliyebeba ni wifi yangu, aliyetuma ana duka, kibao na mlango. Nawajua mnavyopenda kumshika aliye karibu. Mkimkamata mbebaji mkamwacha mtumaji, nitarudi hapa kila asubuhi.

Nimesomewa haya yote. Ni maneno yangu, sikushurutishwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Yamechukuliwa nami tarehe 6, saa tisa alasiri. Aliposomewa, shahidi aliomba sehemu inayomtaja wifi yake ifutwe. Nilipoweka rula kwenye mstari wa kwanza wa sehemu hiyo ili niukate, alinishika mkono na kusema, "Iache." Imeachwa kama ilivyo.